Kuthibitisha badala ya kuapa: namna ya kuandaa hati isiyorudishwa dirishani

Mtu akiingia ofisini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, akitaka "ile karatasi ya wakili", namuuliza mambo mawili kabla sijawasha kompyuta. Unaipeleka wapi? Na dini yako ipi? Hilo la pili huwashangaza. Kijana mmoja alinijibu, "Mama, mimi nimepoteza cheti cha fomu foo tu, dini inaingiaje hapo?" Inaingia, tena mstari wa kwanza kabisa. Kwa sheria ya Tanzania Mkristo huapa, na asiye Mkristo huthibitisha. Karatasi inayosema juu "naapa" na chini "amethibitisha", au inayoandika "Muislamu" halafu ikamwapisha, ndiyo hiyo unayoiona inarudi siku ya pili mkononi mwa mwenyewe, imekunjwa mara nne.

Mie ni karani wa mawakili, siyo wakili. Nachapa, nasahihisha, napanga watu kwenye benchi, na siku nzima nasikia majina matatu ya kitu kimoja: hati ya kiapo, afidaviti, kiapo. Nitakayoeleza ni utaratibu wa kawaida wa karatasi za kawaida, kama vile cheti kilichopotea, majina yasiyolingana, mtoto ambaye hakuandikishwa, au maombi madogo ya mahakamani. Kama una ugomvi wa shamba au mirathi ambayo ndugu hawasalimiani, usinisome mie, katafute wakili.

Kuthibitisha kulianzaje

Kisheria, kuthibitisha ni kutamka rasmi, mbele ya mtu mwenye mamlaka, kwamba unayoyasema ni kweli. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wake. Anayethibitisha anasimama juu ya neno lake mwenyewe. Neno linalotumika kwenye sheria za Kiingereza, *affirmation*, limetoka kwenye Kilatini, *affirmare*, kufanya kitu kiwe imara. Letu limetoka kwenye Kiarabu, ndugu yake "thabiti". Uzito wa kiapo na uthibitisho ni sawasawa, na adhabu ya uongo ni ile ile: kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kusema uongo mahakamani ni kifungo cha hadi miaka saba, na sheria haijali kama uliapa au ulithibitisha. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaonong'ona, "Basi mie nithibitishe tu, nisije nikafungwa." Hakuna unafuu huo.

Wazo lenyewe lilitokea Uingereza katika karne ya 17. Kulikuwa na Wakristo waliojiita Marafiki, watu wakawapa jina la Quakers. Walisoma Mathayo sura ya 5, pale Yesu anaposema "Usiape kabisa", wakalichukua neno hilo kama lilivyo. Walikuwa na hoja ya pili pia, ambayo mie huwa inanifurahisha: mtu akiapa mahakamani kwamba leo atasema kweli, anakiri kwamba siku nyingine anasema vinginevyo. Wakipewa Biblia waape, wanakataa. Wakikataa, wanafungwa. Mwaka 1696 Bunge likawaruhusu wathibitishe, ingawa siyo kwenye kesi za jinai, na maneno waliyopewa bado yalimtaja Mungu kuwa shahidi. Baadhi yao wakalalamika kwamba hicho ni kiapo kile kile kimebadilishiwa kanzu. Iliwachukua hadi miaka ya 1720 kupata maneno mepesi. Marafiki hao ndio waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Wasio na dini walingoja zaidi. Charles Bradlaugh alichaguliwa mbunge wa Northampton mwaka 1880. Alikuwa haamini Mungu, akaomba athibitishe. Ikawa mvutano. Akasema basi ataapa, wakamwambia asiyeamini hawezi kuapa. Alishikiliwa usiku mmoja kwenye mnara wa saa wa Bunge, akapoteza kiti, akagombea tena, akashinda tena, na mchezo huo ukarudiwa. Mwaka 1886 ndipo alipokaa. Mwaka 1888 ikapita sheria iliyomruhusu asiye na dini, na yule ambaye dini yake inamkataza kuapa, athibitishe kokote.

Kwetu jambo hili halikuja moja kwa moja kutoka huko. Lilipitia India. Mwaka 1840 watawala wa Kiingereza kule walifuta utaratibu wa kuwaapisha Waislamu kwa Kurani na Wahindu kwa maji ya mto Ganges, wakaweka uthibitisho kwa wote hao. Sheria ya viapo ya India ya 1873 ikaliendeleza. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na sheria nyingi za India sandukuni. Sheria yetu ya viapo ya sasa, Sura ya 34, ilitungwa mwaka 1966, lakini ukikisoma kifungu cha 4 unaona alama ya safari ile: kila shahidi ataapa, isipokuwa kama ni mtu wa imani isiyo ya Kikristo, au hana imani, au imani yake inamkataza kuapa. Hao wathibitishe, na itahesabika kama wameapa.

Maoni yangu? Mgawanyo huu umechakaa. Muislamu anasimama kizimbani, anaanza na "Wallahi", kiapo kizito kuliko vyote anavyovijua, na karani wa mahakama anaandika "amethibitisha". Lakini hati yako haitapokelewa kwa maoni ya karani wa Ngamiani, itapokelewa kwa sheria. Kwa hiyo tuendelee na ilivyo.

Anza na mtu, karatasi baadaye

Kosa kubwa ninaloliona kwa watu ni kuleta mtu asiyehusika. Hasa kwenye hati za kuzaliwa.

Kijana ana miaka 22, hana cheti cha kuzaliwa, ameambiwa alete hati. Anakuja peke yake na kitambulisho, anataka kuthibitisha kwamba yeye alizaliwa tarehe fulani, kijiji fulani, wilaya ya Mkinga. Namuuliza: ulikuwepo? Anacheka. Alikuwepo, ndiyo, lakini hawezi kuwa shahidi wa siku ile. Hakuna binadamu anayejua kwa ufahamu wake mwenyewe siku aliyozaliwa. Ameambiwa. Anayejua ni mama aliyemzaa, au baba, au shangazi aliyekuwepo mlangoni, au mzee wa ukoo. Huyo ndiye aje athibitishe, na kijana akae benchi.

Alikuja mzee mmoja wa Kidigo kwa shughuli hiyo, mjukuu wake anataka kuomba mkopo wa chuo na wazazi wote wameshafariki. Alisimama mlangoni na bakora yake hakutaka kukaa.

"Shikamoo babu. Karibu kiti."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa nije niape. Mie siapi. Aliyeapa ovyo kwetu aliacha nyumba tupu."

Sikumcheka. Watu wa rika lake wamekua wakisikia habari za viapo vya moto na viapo vya mkate, ambavyo mwongo hujulikana kwa kuungua au kwa kukwamwa kooni. Kwake kula yamini si jambo la kusaini na kuondoka.

"Huapi, babu. Wewe ni Muislamu, kwa sheria unathibitisha. Unasema lile unalolijua, unatia sahihi, basi."

"Na nisilolijua?"

"Hulisemi."

"Tarehe siijui. Najua alizaliwa mwaka ule mvua kubwa, mwezi wa Mfungo Sita, na mama yake alijifungulia kwangu."

Na hivyo ndivyo tulivyoandika. Mwaka wa mvua kubwa ulikuwa 1997 kuingia 1998, na kadi ya kliniki ya mtoto, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye Msahafu, ikatupa tarehe. Aya moja ikaeleza anayoyajua babu kwa macho yake. Aya nyingine ikasema kwamba tarehe ameipata kwenye kadi ya kliniki, na nakala ya kadi imeambatishwa. Mjukuu alitaka tuandike tarehe kana kwamba babu anaikumbuka. Nikamwambia hapana, na babu akagonga bakora sakafuni kuunga mkono.

Hapo ndipo penye ufundi wote wa hati hizi. Kila aya jiulize: huyu anajuaje? Kama ameona, au ametenda mwenyewe, andika wazi. Kama ameambiwa, mtaje aliyemwambia, kwa jina. "Nimepata taarifa kwamba" peke yake ni aya iliyokufa. Na kwenye kesi yenyewe, ukiacha yale maombi madogo ya njiani, yanayoletwa kesi ikiendelea, mahakama hutaka yale tu unayoyajua mwenyewe, hata chanzo ukikitaja.

Kuandika

Nitakuonyesha hati ya mama mwenye mtoto ambaye jina lake la shule na la kitambulisho hayalingani, maana ndiyo inayokuja sana. Juu kabisa, katikati ya ukurasa, andika HATI YA UTHIBITISHO, au kama ofisi unayopeleka imezoea jina la HATI YA KIAPO, liache hilo. Jina la juu halimdhuru mtu. Kinachodhuru ni mstari unaofuata:

*Mimi, FULANI BINTI FULANI, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Ngamiani, Tanga, NINATHIBITISHA na kutamka kama ifuatavyo:*

Angalia neno "Muislamu" na neno "ninathibitisha". Hayo mawili lazima yaelewane. Angekuwa Mkristo, tungeandika "Mkristo" na "ninaapa". Angekuwa Mhindu, "ninathibitisha". Angekuwa Mkristo ambaye imani yake inamkataza kuapa, tungeandika "Mkristo, ambaye imani yangu hainiruhusu kuapa" na "ninathibitisha". Asiye na dini aandike hivyo hivyo kwamba hana dini. Sijaona kamishna wa viapo, yule anayepokea uthibitisho wako na kuugonga muhuri, aliyemfukuza mtu kwa hilo. Kuna ule mtindo wa kubandika yote, "ninaapa na kuthibitisha", ulioenea kwenye karatasi za stationari zinazouzwa zimeshachapwa. Unapita mahali pengi. Mie siutumii, kwa sababu anayeapa na kuthibitisha kwa pamoja hajaamua anafanya lipi.

Kisha aya, kila moja na namba yake, kila moja na jambo moja:

*1. Kwamba, mimi ni mama mzazi wa kijana anayetajwa katika hati hii, niliyemzaa katika Hospitali ya Bombo, Tanga.*

*2. Kwamba, tulipomwandikisha darasa la kwanza, baba yake alimwandikisha kwa jina la babu yake, na jina hilo ndilo lililo kwenye cheti chake cha kumaliza elimu ya msingi.*

*3. Kwamba, kitambulisho chake cha taifa kimetolewa kwa jina la baba yake.*

*4. Kwamba, majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ambaye ni mwanangu huyo.*

Kwenye hati yenyewe majina yote mawili yaandikwe kwa herufi kubwa, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vyeti. Nimeona "Mohamed" ikigeuzwa "Mohammed" na hati ya kuondoa tofauti ikazalisha tofauti ya tatu.

Usiandike malalamiko. Usiandike "naomba ofisi yako tukufu inisaidie". Usieleze sheria inasemaje. Mawakili wanaikumbuka kesi ya Uganda ya mwaka 1966, ile ya Matovu, na mahakama zetu bado zinaitaja: hati ya kiapo ni mahali pa ukweli wa mambo tu. Hoja, maombi na hitimisho vina karatasi zao. Watu hubisha sana hapa. Mwenye machungu hutaka machungu yake yaandikwe, na mara nyingine hunisomea kutoka kwenye simu ujumbe aliotumiwa na shemeji. Namsikiliza, halafu naandika aya zile zile nne.

Baada ya aya unakuja uhakiki, yaani sentensi moja ya kusema umejuaje:

*Mimi, Fulani binti Fulani, nahakiki kwamba yote niliyoyaeleza katika aya ya 1 hadi ya 4 hapo juu ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe.*

Kama aya mojawapo ni ya kuambiwa au imetoka kwenye nyaraka, itenge: "isipokuwa aya ya 3, ambayo chanzo chake ni…". Mahali, tarehe, sahihi.

Kuhusu lugha: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Bado utakutana na hati za Kiingereza, na wengine wanaziona zina heshima zaidi. Kama mwenye kuthibitisha hajui Kiingereza, kataa. Atathibitishaje asichokisoma?

Jurati

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo hati nyingi zinapofia. Jurati ni ile sehemu ya chini kabisa inayojazwa na kamishna wa viapo, inayosema nani amethibitisha, wapi, lini, na mbele ya nani. Watu huiona kama mahali pa muhuri tu. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inamtaka kamishna aweke jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe. Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la D.B. Shapriya na Bish International la mwaka 2002, ilisema kutaja mahali ni lazima, si hiari. Muhuri wenye anwani ya ofisi ya kamishna hauwezi kusema kwa niaba yake kwamba siku ile mlikuwa pale.

Iwe hivi:

*IMETHIBITISHWA na kusainiwa hapa TANGA na FULANI BINTI FULANI, ambaye ametambulishwa kwangu na FULANI BIN FULANI, ambaye namfahamu mwenyewe, leo tarehe … mwezi … mwaka …*

*MBELE YANGU: Jina … Sahihi … Anwani … KAMISHNA WA VIAPO*

Neno la kwanza ni "imethibitishwa" kwa sababu juu tuliandika "ninathibitisha". Kama juu ni "ninaapa", hapa ni "imeapwa". Ukimaliza kuchapa, weka kidole kwenye mstari wa kwanza na kingine kwenye jurati, usome vyote viwili. Wengi hufungua hati ya jana ya Mkristo, wanabadilisha jina na dini juu, wanasahau chini.

Halafu kile kipande cha kutambulishwa. Kamishna ama anakufahamu yeye mwenyewe, ama umetambulishwa na mtu anayemfahamu yeye. Moja libaki, jingine likatwe. Fomu nyingi za kuchapwa zina yote mawili na mkwaju katikati, "ninayemfahamu/aliyetambulishwa kwangu na…", na zinagongwa muhuri hivyo hivyo bila kukatwa. Ofisi ndogo hawaoni. Wakili wa upande wa pili ataona, tena ataona kabla hajavua miwani.

Kama mwenye hati hajui kusoma, jurati iongezewe sentensi kwamba amesomewa yote kwa lugha anayoijua, imetajwa, na ameelewa kabla ya kuweka dole gumba. Na kweli asomewe. Wino wa dole gumba upo kwenye kila ofisi ya wakili, usihangaike kununua.

Siku ya kwenda kwa kamishna

Mawakili wengi ni makamishna wa viapo, na mahakimu pia wana mamlaka ya kupokea viapo. Nenda na kitambulisho halisi na nyaraka zote ulizozitaja, asili na nakala. Kwa cheti kilichopotea pitia kwanza polisi uchukue ripoti ya upotevu, maana ofisi karibu zote zitaitaka pamoja na hati. Uliza bei kabla ya kukaa. Inatofautiana, na sioni aibu kusema kwamba inatofautiana pia kwa jinsi ulivyovaa.

Usisaini nyumbani. Hili nalirudia kwa kila mtu kwenye simu na bado wanakuja wameshasaini. Uthibitisho ni tendo linalofanyika mbele ya kamishna. Karatasi ni kumbukumbu tu ya tendo hilo. Ukituma mtoto wa jirani na karatasi iliyosainiwa, agongewe muhuri arudi, basi jurati inayosema "mbele yangu" ni uongo, na siku ukihojiwa kizimbani utaulizwa kamishna alikuwa mwanamume au mwanamke.

Pia, wakili anayekusimamia kwenye kesi asiigonge yeye hati ya kesi hiyo hiyo. Sheria inamkataza kamishna kupokea kiapo kwenye shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Atakuelekeza kwa mwenzake, kwa kawaida mlango wa tatu kutoka kwake.

Ukifika, kamishna mzuri atakuuliza: umesoma? Umeelewa? Ni kweli? Jibu kwa sauti. Anaweza kukutaka useme "nathibitisha kwamba yaliyomo ni kweli". Sema. Ukiona kosa la herufi, lirekebishwe kwa kalamu pale pale na kamishna aweke sahihi fupi pembeni ya rekebisho. Kosa la jina au tarehe, mrudi mkachape upya.

Kuthibitisha kwa mdomo

Ukiitwa shahidi, mambo ni mepesi zaidi. Utaulizwa jina, umri, kazi, makazi, dini. Ukisema Muislamu au Mhindu, utapewa maneno ya kuthibitisha uyafuatishe. Ukisema Mkristo, utapewa Biblia moja kwa moja, maana karani wa mahakama ana watu wengi asubuhi hiyo. Kama huapi, sema kabla hujaishika: "Mheshimiwa, imani yangu hainiruhusu kuapa, naomba kuthibitisha." Inatosha. Usianze kuhubiri. Mheshimiwa ataandika "amethibitisha" na utaendelea.

Mtoto asiyezidi miaka 14 ana njia yake. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, akiahidi tu kusema kweli na kutosema uongo. Kama unampeleka mtoto, msimkaririshe maneno ya watu wazima nyumbani.

Walio Kenya wana sheria yao, Sura ya 15, na hati za huko zina mpangilio wake wa kichwa cha habari. Lakini hata huko anayekataa kuapa anaruhusiwa kuthibitisha, na kwenye Katiba ya 2010 viapo vya viongozi vimeandikwa kwa namna mbili, anayethibitisha akiacha yale maneno ya mwisho ya kumwomba Mungu amsaidie.

Mwisho, toa nakala tatu na zote zisainiwe na kugongwa muhuri kwa wino, siyo moja igongwe halafu ukatoe fotokopi. Moja inabaki ofisini unakopeleka, na hawarudishi. Ya pili ni yako. Ya tatu mpe aliyethibitisha, kama ni mama au babu, aiweke kule anakoweka kadi za kliniki, kwa sababu wewe utaipoteza yako na utakuja tena kwangu kuandika hati ya kupotelewa na hati.